Bolti ya Chini ya Kasa

Kibokoni, Mji wa Kale
Jumatatu, 5 Mei 2025

Kwa Bi Mbodze, mwendesha trekta wa Uwanja wa Wakfu

N'na miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, ndugu mmoja na wenyeviti watatu wa kamati ya huo uwanja. Jaa la Kibarani nililiona likikua, nikaliona likifutwa, mimi n'ngalipo. Mashine za kukata nyasi zilizoletwa kuchukua mahali pa Kasa, hilo trekta uliloachiwa, zilikuwa nne, na zote zimekwisha kuwa vyuma chakavu huko Shimanzi. Kasa yupo. Mimi nipo. Ndipo ujue anayekuandikia ni nani.

Khubaib muuza kahawa hupita langoni kwenu alasiri, kisha huja barazani kwangu. Ameniambia Kasa yuwalia. Nikamuuliza yuwalia vipi. Akasema akikata kona hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Huo si uzee, mwanangu. Hiyo ni kiu ya grisi. Trekta dogo kama lile, kiti kimoja na visu chini ya tumbo, halitaki mengi. Lataka kunyweshwa kwa wakati.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Masikio yangu yamekwenda na injini, simu nikiiweka sikioni nasikia nzi tu. La pili, mwaka juzi waliponistaafisha walinipa saa ya ukutani. Miaka arobaini na miwili juu ya kiti kile, saa ya ukutani! Nikaapa kwa Mola mbele yao wote kwamba mguu wangu hautakanyaga tena uwanja ule. Na mimi nikiapa nimeapa. Shule sikwenda. Herufi hizi n'lijifunza chuoni kwa mwalimu wa Kurani na kwenye makopo ya oili, basi ukiona neno limekaa upande lisome hivyo hivyo.

Sasa sikiza. Nipo, vile vichuchu vya kutilia grisi, ziko tisa. Futa kila moja kwa kitambaa kabla hujatia bomba, kwani ukisukuma mchanga pamoja na grisi umemlisha Kasa changarawe. Sukuma hata grisi nyeusi itoke ubavuni na mpya ionekane. Kitabu cha mashine chahesabu saa za kazi. Mimi n'kihesabu Ijumaa. Kila Ijumaa grisi. Kila Ijumaa ya nne oili ya injini, uimwage injini ingali moto ili itoke na uchafu wake. Hapa ni kisiwani, chuma huliwa na chumvi hata kikiwa kimelala.

Na la mwisho. Chini ya giaboksi pana bolti ya kumwagia oili. Hiyo usiiguse. Oili ya giaboksi ikipungua, ongeza kwa juu. Ya chini usiiguse.

Mimi katika maisha yangu sijaharibu bolti hata moja. Waulize. Lakini wa kuulizwa wamekufa wote, basi niamini mimi.

Wasalaam,
Fundi Aidarus


Uwanja wa Wakfu
7 Mei 2025

Shikamoo Mzee Aidarus,

Nimefurahi kupata barua yako. Jina lako nilishalijua, limeandikwa kwa rangi nyeupe chini ya kiti cha Kasa. Na hapa kila mtu akitaka kunikosoa huanza na "Mzee Aidarus alikuwa..."

Mimi natoka Kaloleni. Nimesomea ufundi wa mashine za shamba, cheti ninacho, na niko hapa kwa majaribio ya miezi mitatu, tangu Machi. Nimetia grisi jana kama ulivyosema. Nipo nimezihesabu mara mbili, ziko nane. Huenda umesahau, si ajabu, ni muda mrefu.

Mzee, nakuomba usinichukulie vibaya, lakini nataka kujua sababu ya bolti ya chini. Oili ya giaboksi nayo huchoka. Ikibaki ndani miaka na miaka inageuka uji.

Nakuuliza kwa sababu nina haraka. Mvua imenyesha na nyasi zimepanda. Katibu wetu, Bwana Mzamil, amesema wazi mbele ya kila mtu: uwanja usipokuwa umekatwa kabla ya Idi Kubwa watu waje kuswali, Kasa anapelekwa Shimanzi kwa wanunuzi wa vyuma, na kazi anapewa mkandarasi mwenye mashine yake na dereva wake. Dereva akija na mashine, mimi narudi Kaloleni. Nina mama mgonjwa anayenitegemea na sina kazi nyingine. Kwa hiyo Kasa akifa nimekufa naye.

Ni mimi,
Mbodze


Kibokoni
9 Mei 2025

Bi Mbodze,

Nane! Ati huenda nimesahau! Mimi nasahau nimekula nini asubuhi. Nasahau majina ya wajukuu, naita wote "wewe." Nipo za Kasa sisahau. Ziko tisa.

Ya tisa iko chini ya ekseli ya mbele, katikati, pale ekseli inapocheza juu ya pini yake. Usiiname. Lala. Fundi asiyelala chini hajui mashine, ajua kofia yake tu. Utaona kivimbe cha matope na nyasi kavu, kigumu kama mkate wa mofa wa juzi. Kwangua kwa bisibisi. Nayo utaiona yakutazama. Aliyekutangulia, yule wa miwani ya jua, hakulala chini hata siku moja, ndipo Kasa akalia.

Na jingine Khubaib ameniambia, nikakaribia kumwaga kahawa yake. Kwamba wamuosha Kasa kwa mpira wa maji! Nani aliyekufunza? Maji ya nguvu huingia kwenye beringi za visu yakaitoa grisi uliyoitia jana. Kisha walia beringi mbaya. Nyasi za chini ya tumbo kwangua kwa kipande cha mti, pangusa, kisha paka oili chafu, ile uliyoimwaga kwenye injini. Nyasi hazitashika na chumvi haitapata njia. Kichungio cha hewa kikung'ute ukutani kila Ijumaa. Mikanda usiipake kitu. Kuna mmoja aliipaka mafuta ya nazi ati iwe laini. Mkanda ukateleza, visu vikasimama, naye yuwashangaa.

Bolti ya chini nimesema. Mtu akikwambia shimoni mna nyoka huingizi mkono ili ujue ni nyoka gani.

Huyo Mzamil namjua tangu yuwavaa kaptula. Kasa hafi. Mtie grisi.

Fundi Aidarus


Uwanja wa Wakfu
14 Mei 2025

Shikamoo Mzee,

Nipo ya tisa ipo. Nililala chali, matope yakaniingia puani, nikakwangua karibu saa nzima. Niliposukuma grisi, iliyotoka kwanza ilikuwa vumbi. Nimeomba radhi moyoni na sasa naomba kwa kalamu. Kasa halii tena. Mpira wa maji nimeurudisha kwa watu wa bustani.

Lakini sasa kilio cha mbele kimenyamaza, nasikia cha nyuma. Giaboksi inanguruma gia ya pili na ya tatu. Nimefungua kizibo cha juu nikachovya waya. Oili imetoka nyeusi, nzito, ina vipande vinavyong'aa. Na Mzee, inanuka samaki. Nimefanya kazi kwenye matrekta ya mkonge na ya mananasi, sijawahi kunusa giaboksi yenye harufu ya papa.

Nimekitafuta kitabu cha matengenezo, kile cha jalada jekundu. Mwaka 2014 umeandika kwa mkono wako: "Bolti ya chini imebadilishwa. Mpya. A." Sasa kama ni mpya, na ni wewe uliyeitia, tunaogopa nini?

Nyasi zimefika kwenye vifundo vya miguu. Nikikata na giaboksi hii siku nne mfululizo, itavunjika katikati ya uwanja. Nataka kuimwaga oili hii nitie mpya. Nakuomba ruhusa, si kwa sababu sheria inataka, ni kwa sababu ya nipo ya tisa.

Mbodze


Kibokoni
15 Mei 2025

Hapana.

Nimekwambia mara mbili na hii ni ya tatu. Ongeza kwa juu. Kunguruma ndiyo sauti yake, hata mimi nanguruma nikiamka. Kitabu kimesema mpya, ni mpya. Usipoifungua Kasa ataishi kunizidi mimi. Ukiifungua, usiniandikie tena.

Cheti! Cheti hakina pua.

Aidarus


Uwanja wa Wakfu
20 Mei 2025

Mzee Aidarus,

Umesema nikiifungua nisikuandikie. Nimeifungua, na nakuandikia.

Jana Kasa alikwama gia ya pili mbele ya mimbari, hakwenda mbele wala nyuma. Tukamsukuma hadi bandani. Nikaweka karai chini, nikatia spana kwenye bolti. Spana ikazunguka bila kushika. Nikafikiri ni matope, nikapangusa kwa petroli. Rangi nyeusi ikatoka kwenye kitambaa. Chini ya rangi ni mti.

Mti, Mzee! Kigingi cha mti, kichwa kimechongwa pembe sita kama bolti, kimepakwa rangi, kimezungushiwa pamba na mafuta ya papa kama watu wanavyokalafatia jahazi. Nilipokigusa kikavunjika kama biskuti. Oili yote ikamwagika miguuni mwangu. Tundu limebaki wazi, halina hata jino moja la kushikia bolti.

Bwana Mzamil aliingia bandani wakati ule ule. Aliona oili sakafuni, spana mkononi mwangu na tundu. Hakuuliza. Amekichukua kitabu chekundu, akasoma "bolti mpya," akanitazama. Leo nimepewa barua. Kamati itakaa Alhamisi tarehe 29, na jambo langu limeandikwa hivi: "Kuharibu kifaa cha wakfu kwa uzembe."

Sikumwambia ni mti. Vipande nimevitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo nimelificha. Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Labda nilidhani utapenda kusema mwenyewe.

Idi ni siku kumi na saba kutoka leo. Kasa amekaa juu ya matofali. Nyasi zinanifika nusu ya mguu. Hiki ni nini, Mzee?

Mbodze


Uwanja wa Wakfu
24 Mei 2025

Mzee,

Khubaib anasema barua yangu uliisoma, ukaikunja, ukaiweka chini ya msala, na tangu siku hiyo kahawa hunywi. Anasema hata masihara umeacha. Mimi nakuuliza swali moja tu, hata kama hutaki kujibu mengine: tundu hilo naliziba vipi?

Mbodze


Kibokoni
Jumapili, 25 Mei 2025

Bi Mbodze,

N'likwambia usiiguse. Hilo liandike kwanza, ndipo usome mengine.

Mwaka 2014 n'likuwa na miaka sabini na macho yangu yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, mawili yote. Sikumwambia mtu. Fundi wa mashine akisema haoni, kesho yake yuwapewa saa ya ukutani. Basi n'kifanya kazi kwa vidole. Na vidole vyangu vilikuwa vizuri kuliko macho ya wengi, muulize yeyote.

Siku mbili kabla ya Idi n'limwaga oili ya giaboksi, na niliporudisha bolti niliiingiza upande. Ilikuwa ngumu. Mkono uliniambia simama. Mimi nikaona ni uchafu, nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Ikalia kidogo, kama mtu akivunja kidole, kisha ikalegea. Meno ya tundu yote yakaja na bolti.

Ndugu yangu Fahmi, Mola amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo vya baharini pale Liwatoni. N'limwita kwa siri. Akachonga kigingi cha mti wa mbambakofi, akakikalafatia kwa pamba na mafuta ya papa, akakigonga kwa nyundo mara tatu. Pembe sita ni wazo lake yeye, mimi n'limwambia kichwa cha mviringo chatosha. Akasema, "Kaka, likiwa la uongo liwe na adabu." Tukakubaliana ni la wiki moja, Idi ipite.

Idi imepita mara nyingi. Kila mwaka n'kisema mwaka huu nitalitengeneza. Macho yakapasuliwa, nikaona vizuri, nikalala chini nikakitazama, hakidondoshi hata tone! Mtu huamsha nyoka aliyelala? Na niliandika "mpya" kwa sababu kilikuwa kipya. Mti ule ulikatwa wiki ile ile.

Sasa dawa. Nenda Shimanzi, nyuma ya maghala, muulize Ngowa fundi wa kukereza. Akuchongee bolti nene zaidi, alipanue tundu na kulichonga meno mapya. Lakini asizame! Ndani kuna gia, kekee yake ya kutobolea ikigusa gia umekwisha. Kina ni kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, kutoka ncha hadi pingili ya pili. Hicho ndicho kipimo Fahmi alichochongea.

Hao wa kamati waambie bolti ilioza kwa kutu ikakatika. Chuma huoza, hapa ni pwani, hawatabisha. Ya mti yawe yetu wawili.

Aidarus


Uwanja wa Wakfu
Jumanne, 27 Mei 2025

Mzee,

Ngowa amekuja na vyombo vyake vyote. Ametia tochi kwenye tundu, akatia kidole chake, akatoa, akatikisa kichwa. Anasema chuma kimebaki chembamba upande mmoja na gia iko karibu sana. Hakerezi mpaka ajue kina. Nikamwambia kina ni kidole cha Mzee Aidarus hadi pingili ya pili. Akaniuliza kidole chenyewe kiko wapi. Nikamwambia kiko Kibokoni kimeapa.

Amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Umeniambia niseme bolti ilioza. Bwana Mzamil ana kitabu, na kitabu kinasema bolti ni mpya. Nikisema ilioza, nimekuita mwongo kwa upole. Nikisema ni mti, nimekuita mwongo kwa sauti. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyevunja mali ya wakfu. Wewe unajua kuliko mimi uzito wa neno hilo mtaani kwenu. Mimi ni Mkristo wa Kaloleni, nikitoka hapa na neno hilo, nani kisiwani atanipa hata ufagio?

Mimi sisemi uongo kwa ajili yako. Na kukusema wewe siwezi, najua ni ujinga lakini siwezi. Kila bolti iliyobaki kwenye Kasa nimeifungua na kuifunga. Zote zimekaa kama zilivyotoka kiwandani. Mtu aliyezifunga alikuwa fundi.

Kwa hiyo sina la kusema keshokutwa. Ngowa anarudi kesho saa nne asubuhi. Njoo na kidole.

Mbodze


Ofisi ya Kamati, Uwanja wa Wakfu
Ijumaa, 30 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Mzee Aidarus, Kibokoni

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kamati inakushukuru kwa kufika kwako mwenyewe Jumatano, jambo lililotufurahisha sisi sote tuliodhani hatutakuona tena uwanjani. Vilevile kamati imesikia uliyoyasema kwa sauti kubwa mkutanoni Alhamisi, kwamba aliyeiharibu bolti ni wewe.

Mzee wetu, kwa heshima zote, wajumbe wameona kwamba umesema yale kwa huruma. Binti ni kama mjukuu wako, na wewe ni mtu wa moyo. Lakini kila mtu hapa tangu utotoni amekuwa akisikia kutoka kwako kwamba hujaharibu bolti maishani mwako, na kitabu kwa mkono wako kinasema vivyo hivyo. Kamati haiwezi kuacha maandishi ya miaka kumi na moja ikashika maneno ya mdomo ya siku moja.

Ikiwa unasisitiza, tuandikie maelezo yako pamoja na majina ya mashahidi, yafike kabla ya Jumapili. Yasipofika, shauri la Bi Mbodze litakwenda kama lilivyoandikwa, na kazi atapewa mkandarasi.

Nduguyo katika imani,
Mzamil, Katibu


Kibokoni
Jumamosi, 31 Mei 2025

Kwa Kamati ya Uwanja wa Wakfu, na kwa Mzamil

Umri wangu mwaujua. Nimeishi miaka yote hiyo nikisema kweli mkanicheka, nikajisifu mkaniamini. Leo nakiri kosa, mwaniambia n'na moyo. Mwaniudhi! Lau n'ngejua kujisifu kwangu kumezama hivi vichwani mwenu n'ngejisifu kidogo zaidi ya nilivyojisifu, pengine mkachoka.

Andikeni haya kama yalivyo.

Mwaka 2014 mimi Aidarus niliingiza bolti ya chini ya giaboksi ya Kasa upande, kwa kiburi na kwa macho mabovu niliyoyaficha. Niliharibu meno yote ya tundu. Nikatia kigingi cha mti. Nikaandika kitabuni "mpya" ili msiulize. Oili ile ikakaa humo miaka kumi na moja hata ikaanza kula gia, kwa kuwa kuimwaga kulikuwa ni kujifichua. Nilimkataza Bi Mbodze mara tatu asiiguse, wala si kwa ajili ya Kasa. Alikuwa na haki ya kuifungua. Mimi n'ngekuwa yeye n'ngeifungua siku ya kwanza.

Jumatano nimevunja kiapo changu. Nimesimama langoni hata jua likanichoma utosi, kisha nikatia mguu. Kafara yake nimekwisha itoa, maskini kumi wamekula pilau barazani kwangu wakashiba, na wa kumi akaomba ukoko. Kwa hivyo Mola yuwajua nilikuja, nyinyi mwabisha nini?

Nimelala chini ya Kasa, miaka themanini na moja, Ngowa akanishika miguu kunisukuma ndani. Nikatia kidole hadi pingili ya pili. Ngowa akakipima kidole changu kwa chombo chake, akatia alama kwenye kekee, akapanua tundu, akachonga meno, akaingiza bolti. Bolti ya chuma. Bi Mbodze ndiye aliyeikaza. N'limwambia aongeze bomba kwenye spana, akanitazama hivi, akakaza kwa mkono mtupu hata iliposema basi. Kisha akaisafisha giaboksi mara mbili kwa oili nyepesi, ndipo akatia oili mpya kwa juu. Hilo la mara mbili mimi sikuwa nikilijua, na mimi si mtu wa kusema sikuwa nikijua. Kasa ananguruma bado kidogo gia ya tatu, hilo nalo ni langu.

Jana baada ya swala ya Ijumaa Bi Mbodze amekata kutoka mimbari hadi lango la magharibi. Tokeni ofisini mtazame. Sehemu iliyobaki ni ya siku tatu, na Idi i mbele kwa siku sita.

Kitabu chekundu nilikiona kiko wazi juu ya meza yako, Mzamil, ulipokwenda kutawadha. Mstari ule wa 2014 nimeukata kwa kalamu yangu mwenyewe, na juu yake nimeandika MTI. Sasa maandishi na mdomo ni kitu kimoja.

Nasema pia, na hili si la shauri, kigingi kile kilishika miaka kumi na moja bila kudondosha tone. Leteni mkandarasi yeyote afanye hivyo.

Mashahidi wangu ni hawa. Khubaib muuza kahawa, aliyebeba barua zote na kuniona nikivuka lango. Ngowa fundi wa kukereza wa Shimanzi, aliyelipanua tundu na mwenye kipimo cha kidole changu. Kopo la maziwa lililoko bandani, lina vipande vya mbambakofi ndani, lifungueni mnuse. Ndugu yangu Fahmi angesema, lakini yuko udongoni, na kila alipoitia mfukoni nyundo ile aliyokigongea kigingi alikuwa akinicheka.

Na wa yote, tangu nipo ya tisa hadi bolti ya chini, shahidi wangu ni Bi Mbodze. Aliyajua kabla yenu, akayatia koponi, akangoja niseme mwenyewe. Muulizeni yeye. Atakalolisema ndilo nililofanya.

Aidarus